Mboga ya Cucu

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa binti yangu, Embu mjini, nikamwona akikata soseji, viazi, karoti na hoho. Akavitupa vyote kwenye pani moja, akamwagia mafuta na chumvi, akaisukuma ndani ya oveni. "Mum, hii ni rahisi," akaniambia. "Pani moja tu, unaenda zako, inajipika." Nikacheka peke yangu. Hajui kwamba chakula hicho hicho kiliwahi kutikisa boma letu.

Wacha nikusimulie, rafiki yangu. Tuliishi juu kule Kianjokoma, mahali ambapo ukungu hushuka mapema na watoto hugombania nafasi karibu na mafiga. Mama alikuwa mpishi wa masista wa misheni. Nyanya yetu, mamake baba, tulimwita Cucu, asije akachanganywa na nyanya za mchuzi, na babu tulimwita Guka. Siku moja sista mmoja aliyekuwa akienda likizo kwao alimpa mama soseji, naye akaja nazo nyumbani zimefungwa kwa gazeti.

Guka aliinua moja kwa vidole viwili, akaigeuza huku na huku. Utumbo, na ndani nyama. "Hii ni mutura," akasema. "Itachomwa nje."

Kama hukujua, kwetu mutura ilikuwa ya wanaume. Mbuzi akichinjwa, wao ndio waliojaza utumbo damu na nyama iliyokatwakatwa, wakauchoma uani na kuumaliza hapo hapo. Mwanamke hakuonja. Lakini aliyeosha utumbo huo mtoni, maji baridi yakimkata vidole, alikuwa Cucu. Aliyepeleka chumvi alikuwa Cucu. Kisha alirudi jikoni akakaa na harufu. Ilikuwa hivyo tangu alipoolewa. Mchana ule, tukimenya viazi, nilimsikia akimwambia mama, bila hata kuinua macho: "Nisife kabla sijajua mle ndani kuna nini."

Mkaza mwana habishani na baba mkwe, tena mama alikuwa mtu wa kimya kingi chenye mshindo mkuu. Alingoja Guka aende kukatia ng'ombe majani. Halafu akazikata zile soseji vipande vipande, akavichanganya na viazi, karoti, vitunguu na nyanya kwenye karai kubwa, akafunika kwa bati na kupanga makaa juu yake. Moto chini, moto juu. Hiyo ndiyo oveni tuliyokuwa nayo, na mikate ya Krismasi ilitoka humo. Kazi yangu ilikuwa kupepea. Mafuta yakaanza kulia ndani, viazi vikashika rangi, na harufu ikapenya kwenye nyufa za mbao ikaenda ilikotaka.

Guka akaja mpaka mlangoni. Hapo ndipo ulipokuwa mwisho wake, maana mwanamume wa rika lake hakuingia jikoni.

"Mnapika nini humu?"

Mama akainamisha kichwa. "Ni mboga, baba."

Na wala hakudanganya, kwa sababu kwetu chochote kinachoteremsha ugali ni mboga. Guka alisimama kidogo, akakohoa, akaenda zake. Nadhani alijua vizuri sana kilichokuwa kwenye karai, ila alikuwa amepewa neno la kumwezesha kuondoka na heshima yake.

Cucu alipakuliwa kwanza. Alichukua kipande cha soseji akakitafuna upande uliobaki na meno, polepole, sisi sote tukimtazama mdomoni. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajipangusa macho kwa pembe ya leso. "Kumbe ni chumvi tu," akasema. "Miaka yote hii wanatuficha chumvi." Nilimpenda sana dakika ile.

Akajaza sahani na kunipa nimpelekee Guka, halafu yeye mwenyewe akanifuata mpaka uani, maana alikuwa na swali lake. Guka akaanza kula. Cucu akamuuliza kama si hivyo mutura ilivyo. Guka alitafuna muda mrefu kuliko kile kipande kilivyohitaji, kisha akasema, "Ndiyo. Ni hivyo hivyo." Akaomba aongezwe mboga.

Siku hizi lile jiko halipo, mahali pake pamepandwa majani chai. Mama, Cucu na Guka tumewazika. Mila ile nayo imekwenda, na siililii hata kidogo. Pale sokoni wasichana wananunua mutura na kachumbari, wanakula wamesimama, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Mwaka juzi nami nilijipa moyo nikanunua. Muuzaji akanikatia kipande kwenye ubao, nikakitia mdomoni: moshi, pilipili, damu iliyoiva ikawa nzito, ladha ya mbuzi inayobaki kooni. Nikasimama pale nimeduwaa. Haikukaribia soseji hata kwa mbali.

Basi Guka alijua. Alijua tangu alipotafuna kile kipande cha kwanza, na mkewe amesimama mbele yake akingoja jibu. Huenda alimhurumia asimharibie furaha yake. Huenda alikuwa bado analinda chakula cha wanaume. Nimechagua kuamini kwamba alimhurumia, kwa sababu niliwapenda wote wawili, lakini kuna siku imani hiyo hunishinda. Cucu alizikwa akiamini ameionja mutura.