"Inasemekana" na Samaki wa Bi. Mwanamisi

Nilianza kazi ya uandishi wa habari katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na habari yangu ya kwanza, ya kijiji cha Kikoneni, Mhariri Mkuu alinirudishia akiwa amepiga mstari chini ya neno moja: "inasemekana".

"Nani kasema?" akaniuliza.

"Watu, bwana."

"Hao watu mama zao hawakuwapa majina? Rudi Kikoneni ukawaulize."

Nikarudi kwa baiskeli. Ndivyo tulivyolelewa: kila kauli iwe na mwenyewe. Baadaye nilikabidhiwa wilaya ya Kwale, nikakaa Msambweni. Habari zangu nilizisomesha, yaani nilizitamka polepole kwa simu ya posta huku karani wa Mombasa akiziandika.

Mhariri Mkuu wa pili alikuwa muungwana, na sasa ni marehemu. Sitaki kumsema vibaya. Lakini gazeti la washindani lilikuwa likitupita kwa mauzo, na wenye gazeti letu walimwita kila wiki kumwuliza sababu. Wakati huo watu waliokula karamu ya arusi pale Msambweni wakaharisha, wawili wakalazwa. Afisa wa afya, ambaye sote tulimwita Bwana Afya, aliniambia kuwa chanzo hakijajulikana. Nikasomesha hivyo hivyo.

"'Hakijajulikana' haiuzi gazeti, ndugu yangu," Mhariri akasema. "Huko barazani wanasemaje?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningaliweza kunyamaza. Nikamjibu, kama mtu apigaye soga, kwamba wapo waliomnong'ona Bi. Mwanamisi, mjane aliyepika samaki wa arusi ile, na ambaye riziki yake ilikuwa samaki wa kukaanga pale sokoni.

Kesho yake ukurasa wa kwanza ulisema: "Inasemekana ni samaki wa Bi. Mwanamisi." Gazeti likaisha kabla ya adhuhuri. Yeye hakuuza hata kipande, siku hiyo wala wiki iliyofuata.

Kisha Bwana Afya akapata majibu: ubaya ulikuwa katika maji ya kisima cha nyumba ya arusi. Nikamsihi Mhariri. "Masahihisho nitakupa," akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "ila ukurasa wa kwanza sina uwezo nao." Ikatoka mistari minne, chini ya tangazo la mnada.

Nikaenda nayo sokoni.

"Shikamoo, Bi. Mwanamisi."

"Marahaba. Umekuja kununua au kunizika?"

Wachuuzi wakacheka. Nikaisoma ile mistari kwa sauti, nikakiri kwamba jina lake nililitoa mimi, kisha nikala samaki wake nikiwa nimesimama mbele ya watu wote.

"Mmalize na kichwa," akasema. "Si kichwa cha habari ndicho kilichoniponza?"

Wateja wakarudi mmoja mmoja, lakini si wote.

Sasa nimestaafu. Vijana wa redio na televisheni hunieleza wanavyosakamwa kwa idadi ya wasikilizaji na watazamaji, nami huwaonea huruma. Mhariri wangu hakuwa mwovu; alikuwa na hofu, na hofu ile niliilisha mimi.

Juzi tulimzika Bi. Mwanamisi. Tulipokuwa tukitoka makaburini, mzee mmoja wa ile nyumba ya arusi akaninong'oneza, "Huyu si ndiye yule wa samaki wabovu?"

Nikamweleza habari ya kisima tangu mwanzo hadi mwisho. Akanisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa.

"Lakini, bwana," akasema, "liliandikwa gazetini."