Neno Moja Kuhusu Kisima cha Kikole

Kisima cha pili cha Kikole kilichimbwa kwa sababu ya neno moja nililoandika kwenye tovuti bila ruhusa ya bosi.

Neno lenyewe: "Tutarudi."

Naitwa Biasha, mzaliwa wa Kilwa Masoko. Mwaka 2005 nilikuwa na miaka ishirini na tatu, cheti cha kompyuta kutoka Dar, na sina kazi.

Nikapata kibarua Nangurukuru, kwenye kampuni ya kuchimba visima. Jina lake Cletus na Wenzake.

Cletus ndiye alikuwa bosi. Wenzake alikuwa Yahya.

Mzee Cletus alikuwa fundi wa maji serikalini. Miaka ya tisini wakaja na lile zoezi la kupunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Akanunua mtambo mkuukuu wa kuchimbia, akamchukua Yahya wa kuuendesha, akaanza kujitegemea.

Sasa kulikuwa na wafadhili wanatafuta kampuni ya kuchimba visima kumi na viwili wilayani. Kwenye fomu waliuliza anwani ya tovuti.

Mzee Cletus alikuwa nayo. Jamaa mmoja wa Dar alimtengenezea.

Nikaenda Lindi mjini kuifungua, maana ndiko kulikokuwa na intaneti. Nilichokiona sitakisahau.

Maandishi yalikuwa yanazunguka. Neno "KARIBU" linawaka na kuzima kama taa ya ambulansi. Katikati kuna picha ya kiwanda kikubwa, na juu ya paa lake pamejaa theluji.

Niliporudi nikamuuliza, "Bosi, hiki kiwanda kiko wapi?"

"Sijui."

"Na theluji?"

"Inaonyesha uwezo," akajibu, hata hacheki.

Nikamwambia tuondoe yote. Tuweke visima vyetu halisi, picha, jina la kijiji na urefu wa kisima kwenda chini. Mtu akifungua aone kazi.

Akafikiri sana. Akasema, "Sawa. Ila vile vizuri tu."

Nikapewa kamera, na Yahya wa kuniendesha, tukazunguka vijijini. Kitomanga watu walijipanga kama wanapigwa picha ya harusi. Kila kijiji maji yanatoka, watu wanashukuru.

Mpaka tulipofika Kikole.

Pampu ilikuwepo. Mpini wake umeanikwa kanga mbili, na mguuni amefungwa mbuzi.

Mama mmoja wa makamo akatoka nyumba ya jirani. Aliitwa Bi Siti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmekuja kupiga picha?"

"Ndiyo mama."

"Onja kwanza."

Akaanua kanga, akashika mpini, akapampu. Nikakinga kiganja, nikanywa.

Chumvi tupu. Nilitema kwenye kiatu cha Yahya.

Yahya akaangalia pembeni. Kumbe alikuwa anajua. Bosi pia alikuwa anajua, mwaka mzima.

"Tumerudia kuteka mtoni, mwendo wa saa nzima," Bi Siti akasema. Hakupandisha sauti. "Mtarudi lini kurekebisha?"

Mimi ni nani wa kujibu? Mpiga picha tu. Lakini mama wa watu ananitazama.

Nikasema, "Tutarudi."

Nikampiga picha hapohapo, mkono ukiwa kwenye mpini.

Wiki ile nikaenda Lindi, nikaweka kila kitu kwenye tovuti. Nilipofika kwenye picha ya Kikole vidole vikasita. Kuiruka ningeweza, nani angejua? Ila ile ladha ilikuwa bado iko mdomoni.

Nikaandika: "Kikole. Mita thelathini na nane. Maji yana chumvi. Tutarudi."

Nikachapa kurasa zote, nikampelekea bosi. Akasoma taratibu. Kitomanga, akatabasamu. Kikole, akavua miwani.

"Biasha."

"Naam bosi."

"Umewahi kuona muuza samaki anapita anatangaza samaki wameoza?"

"Hapana bosi."

"Kesho nenda ukatoe. Ukirudi tutaongea habari ya kazi yako."

Nikajua hapo nimekwisha.

Kesho yake Lindi, kabla ya kufuta, nikafungua barua pepe ya kampuni. Kulikuwa na ujumbe mmoja.

"Kwa Mkurugenzi. Nimesoma kwenye ukurasa wenu kwamba mtarudi Kikole. Naomba nijulishwe tarehe. Nitafuatilia. M. Maftaha."

Sikufuta kitu. Nikauchapa, nikapanda basi.

Bosi aliusoma akiwa amesimama. Kisha akakaa.

"Hawa ni wafadhili," akasema. "Wanatukagua."

"Una uhakika?"

"Hujaona hapa? 'Nitafuatilia.' Raia wa kawaida haandiki hivyo." Akamgeukia Yahya. "Washa gari."

Siku nne tulikuwa Kikole. Safari hii mzee Cletus alipima mwenyewe, akahamia upande wa pili wa kijiji, kwenye mwinuko. Shimo la kwanza, vumbi. La pili, siku ya nne mchana, maji.

Hakuna aliyeshangilia. Wote walimsubiri Bi Siti.

Akakinga kikombe. Akanywa nusu. Akanywa iliyobaki.

"Haya ndiyo maji," akasema.

Bosi akavuta pumzi ndefu. "Biasha, ukifika Lindi mwandikie Mheshimiwa Maftaha kwamba kazi imekamilika."

Bi Siti akageuka. "Maftaha yupi?"

"Wa wafadhili, mama."

"Maftaha alikuwa mume wangu. Alifariki."

"M. Maftaha," nikasema polepole.

"Mwanahija, huyo. Binti yangu. Yuko Muscat, anapika kwa watu. Mwaka wa sita huu."

Mzee Cletus alimtazama Bi Siti, akautazama mtambo, kisha akamwambia Yahya afungashe vifaa. Tulipofika Nangurukuru bosi akanunua chai tatu, moja akanisogezea mimi. Habari ya kazi yangu haikuongelewa tena.

Vile visima kumi na viwili walipewa wengine.

Nikamwandikia Mwanahija. Alijibu kwamba mtoto wa tajiri wake alikuwa akimfundisha kompyuta, akamwambia aandike neno lolote. Akaandika Kikole. Ukaja ukurasa mmoja tu, na ndani yake mama yake kashika mpini. Sura yake alikuwa hajaiona miaka sita.

"Kwanza nililia," aliandika. "Halafu nikasoma maneno ya chini."

Nimetengeneza tovuti nyingi tangu hapo. Wateja wote wanataka zimvutie mtu mkubwa watakayempa anwani. Mimi nawaambia waandike kana kwamba msomaji ana mama anayeishi jirani na kazi yao. Mara nyingi anaye.