Njia ya Kila Mtu Kando ya Muhazi

Sijui kuendesha baiskeli. Nimelikana jambo hili tangu utotoni, mbele ya watu wenye heshima zao, na mara nyingine bila hata kuulizwa. Nilipoalikwa kuendesha, sketi ilikuwa haifai. Nilipokuwa na suruali, mgongo uliuma. Zile Jumapili ambazo Kigali hufunga baadhi ya barabara kwa magari ili watu wakimbie na kuendesha, nilishuka mtaani nimevaa kofia ngumu ya baiskeli, nikatembea kwa miguu, na kila aliyenisalimu nilimwambia baiskeli yangu iko kwa fundi, mtaa wa Nyakabanda. Fundi huyo, ambaye hajawahi kuwepo, amekaa na baiskeli yangu muda mrefu kuliko fundi yeyote mwenye adabu.

Ningezeeka hivyo bila kumdhuru mtu, kama nisingeandika kitabu.

Nilikulia Bujumbura, ambako mitaa ya chini, karibu na ziwa, ni tambarare kama sinia. Asiyejua baiskeli kule hana wa kumlaumu. Dada yangu mkubwa alinifundisha mtaani kwetu Buyenzi, kwa baiskeli ya baba. Alishika kiti kwa nyuma, akaapa hataniachia, kisha akaniachia. Nilienda vizuri, wote walioona wanakubali, mpaka kwenye meza ya mama aliyekuwa akiuza dagaa. Jioni baba alipouliza ile harufu inatoka wapi, dada akawahi kujibu: "Ameshajua baiskeli, baba. Ila hajajua kusimama." Sentensi hiyo ndiyo ikawa cheti changu. Nyumbani ikachukuliwa kwamba nimejua, nami sikuona sababu ya kupinga. Baadaye nilikwenda chuo kikuu, nikasoma fasihi, nikafundishwa kwamba msimulizi si lazima awe ametenda anayoyasimulia. Elimu ina faida zake.

Kitabu chenyewe kilitakiwa na mchapishaji mmoja mdogo hapa mjini: njia za baiskeli katika nchi hii ya milima na maziwa, kwa Kiswahili, kwa ajili ya wageni wa nchi jirani, na kwa watu wa kila uwezo, kuanzia wenye mapaja ya chuma hadi wenye pumzi fupi. Alinichagua kwa sababu naandika Kiswahili kinachosomeka, na kwa sababu aliwahi kuniona na ile kofia.

Niliifanya kazi hiyo kwa uaminifu, kwa namna yangu. Kila njia niliyoiandika niliipita: kandokando ya Kivu, katikati ya Burera na Ruhondo, na ukingoni mwa ziwa Muhazi. Ila niliipita nimekaa nyuma. Nje ya Kigali kuna wanyonzi, wanaume wanaobeba abiria kwa baiskeli, na nyuma ya kila mnyonzi kuna kiti cha sponji chenye kitambaa cha maua. Wanyonzi wana sheria moja ambayo sijaiona imeandikwa popote: tambarare na mteremko ni vya abiria, mlima ni wa wote. Barabara ikianza kuinuka, mnyonzi husema, "Mama, huu tuuvuke kwa miguu," na abiria hushuka bila kununa, hata awe mkuu wa shule.

Nikaona nimepata kipimo. Niliposhushwa mara nyingi, niliandika "njia ngumu". Niliposhushwa mara chache, "njia ya wastani". Pale ambapo sikushushwa kabisa, "njia ya kila mtu". Wahandisi wana vyombo vyao. Mimi nilipima kwa makalio, na nilijiona mwanasayansi.

Kulikuwa na kasoro moja ndogo. Kwa kuwa navaa sketi, nilikaa upande, miguu kushoto. Mhariri alipomaliza kusoma aliniita. "Mama, nauliza tu," akasema, "upande wa kulia wa barabara hakuna kitu nchi nzima?" Nikamwambia kwamba upande wa kulia nimemwachia msomaji augundue mwenyewe. Aliipenda sentensi hiyo. Ikawekwa kwenye jalada la nyuma.

Njia ya kila mtu ilikuwa moja tu, ile ya Muhazi. Mnyonzi aliyenibeba huko alikuwa mwanaume wa makamo, mwembamba, mwenye maneno mengi, na mwenyeji wa hapohapo. Tulikwenda asubuhi nzima, ziwa likiwa kushoto kwetu, migomba ikiinama juu ya maji, na hata mara moja hakuniambia nishuke. Kuna mahali alinyamaza ghafla. Nilidhani naye ameguswa na mandhari, nikaandika: "Hapa uzuri wa ziwa humfunga mtu mdomo."

Basi mwaka huu dada yangu akabadilishiwa goti.

Anaishi Kanombe na shemeji, ambaye alifanya kazi uwanja wa ndege mpaka akastaafu. Dada ni mwanamke aliyezoea miguu yake imtii, na miezi ile ya magongo ilimfanya mdogo kwa namna ambayo sikupenda kuitazama. Aliacha kuimba jikoni. Alianza kuuliza bei ya nguo bila kuinuka kwenda kuzigusa. Hatimaye daktari akamwambia baiskeli ni ruksa, tena ni dawa, lakini iwe tambarare: asikanyage kupanda mlima, na zaidi ya yote asianguke, maana goti lile halirekebishwi mara mbili kirahisi. Kumwambia mkazi wa Kigali atafute tambarare ni kumwambia abaki kitandani. Dada hakubaki. Alikuja kwangu na kitabu changu mkononi.

"Mdogo wangu, hii umeniandikia mimi," akasema, akinionyesha ukurasa wa Muhazi. "Una hakika hakuna mlima?"

"Dada, nimepita mwenyewe."

Haukuwa uongo. Ndiyo maana ulitoka laini hivyo.

Wakapanga Jumamosi. Shemeji angempeleka kwa gari na baiskeli nyuma, kisha atangulie kumsubiri mwisho wa njia, kwa sababu dada alikataa kufuatwa. "Ukija nyuma yangu polepole na taa zimewaka," alimwambia, "watu watavua kofia wakidhani ni mazishi."

Jumamosi hiyo asubuhi mimi nilikuwa naenda sokoni kwa pikipiki. Aliyeniendesha ni yule yule mnyonzi wangu wa Muhazi. Alikuwa ameacha baiskeli, amehamia mjini, sasa ni motari, dereva wa "moto" kama pikipiki za abiria zinavyoitwa hapa, wa kijiwe cha Sonatubes, na kwa ajili ya zamani yetu mimi humpigia yeye tu.

"Mama, leo umenyamaza. Uko sawa?"

"Niko sawa. Dada yangu yuko kwenu leo. Amekwenda na baiskeli."

"Safi sana! Amepita njia gani?"

"Ile yetu."

Pikipiki ilipungua mwendo. Tulikuwa hatujafika mbali na kijiwe, na aliirudisha palepale, akaegesha, akavua kofia yake, akanigeukia.

"Yule mwenye goti? Na ile mlima atapanda aje?"

"Mlima gani?"

"Mlima ya kwa wakwe zangu!"

Nikamwambia kwamba hapakuwa na mlima, nilikuwepo. Akanitazama kwa huruma.

"Mama, ile mlima iko kali kuliko zote za huko. Nilipofika juu niliona nyota, na ilikuwa asubuhi."

"Sasa mbona hukunishusha?"

"Nikushushe mbele ya mama mkwe? Yule mama anakaa barazani pale, anamenya ndizi, anaona barabara yote. Wakati naomba binti, kaka zake walisema, huyu mwembamba hivi atabeba nini? Basi siku hiyo napita na abiria kama wewe—"

"Kama mimi vipi?"

"Mwenye heshima," akasema haraka. "Nishuke nisukume, waseme tuliwaambia? Heri nifie pale, lakini juu ya baiskeli."

Motari wenzake walikuwa wamesogea. Mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana ulikimbilia moto, bwana. Moto haina mama mkwe." Wakacheka. Mimi sikuweza. Nilimjua dada yangu. Mtu mwingine akiuona mlima ataamini macho yake, atashuka asukume. Lakini dada alikuwa amesoma kwa mwandiko wa mdogo wake kwamba hapo ni tambarare. Barabara ikimshinda, hangesema ni barabara. Angesema ni goti. Angekanyaga mpaka lipasuke, au angerudi Kanombe akaweke baiskeli stoo, asiniambie kwa nini.

Nikampigia. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikampigia shemeji.

"Bado hajafika," akasema. "Nimekaa hapa nakula samaki. Kuna nini?"

"Shemeji, kwenye ile njia kuna mlima."

"Umeandika hakuna."

"Nimekosea. Ni mkali. Mimi sikuuona."

Shemeji ni mtu wa taratibu. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha akihakikisha kwamba kinachosemwa kiko chini ndicho kilicho chini. "Shemeji yangu," akasema, "mtu anapandaje mlima kwa baiskeli asiuone?"

Nilitazama zile pikipiki zilizopangwa, na wale wanaume wote wakinitazama mimi.

"Nilikuwa nimebebwa," nikasema. "Njia zote za kitabu nilibebwa. Mimi sijui baiskeli. Sijawahi kujua."

Sauti niliyosikia baadaye ilikuwa ya kiti kikisukumwa, halafu mlango wa gari.

Motari walinipa nafasi kwenye ukuta mfupi wa kijiwe. Hakuna aliyecheka sasa, isipokuwa kijana mmoja aliyeuliza kwa adabu kama kweli mtu anaweza kuandika kitabu cha kitu asichokijua, akaambiwa na wenzake anyamaze, vitabu vyote viko hivyo. Mnyonzi wangu alikataa abiria wawili. Alikaa kando yangu, akieleza kwamba kule juu kabla ya kona kuna kivuli kizuri, na kwamba mteremko wa upande wa pili una changarawe, kisha akaona uso wangu akaacha habari za changarawe. Magari yalizunguka njia panda, honi zikagombana, mwanamke akapita na beseni la maparachichi kichwani akitazama ni nani aliyefiwa. Niliishika simu kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto.

Ikalia. Ilikuwa namba ya dada.

"Wewe," akasema. Alikuwa anahema. "Umenipigia mpaka mbuzi za watu zimekimbia. Uko wapi?"

"Sonatubes. Dada, uko wapi wewe? Umeanguka?"

"Niko barazani kwa watu, nakunywa maziwa. Sikuanguka. Subiri nivute pumzi." Akavuta. "Nilianza kupanda. Kitabu kimesema tambarare, nikasema basi ni mimi. Nikakanyaga. Likaanza kuuma, nikasema ndiyo hivyo, wamenidanganya hospitali, limekataa. Nililia, unajua? Barabarani, mtu mzima, nalia na baiskeli. Halafu bibi mmoja akanipigia kelele kutoka huku juu: Shuka we mama, huo mlima haupandwi ukiwa umekaa! Anasema ni mkwe wake peke yake ndiye aliyewahi kuupanda."

"Ulishuka?"

"Nilishuka, nikaisukuma baiskeli polepole mpaka kwake. Na mume wangu amekuja hapa sasa hivi, ameacha samaki, ananiambia habari ambazo hata hajui aanzie wapi. Ni kweli?"

"Ni kweli, dada."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

Nikasikia anamweleza mtu kando yake kwa Kinyarwanda, na sauti ya bibi kizee ikishangaa kwa herufi moja ndefu. Halafu dada akarudi kwangu, nami nikajikaza kwa yanayokuja.

"Sasa nisikilize vizuri," akasema. "Usije ukaona aibu ukaanza kujifunza leo. Umri umeenda. Goti moja la bandia linatosha kwenye familia."

"Sitajifunza," nikasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilizungumza kuhusu baiskeli bila kutafuta sketi ya kusingizia.

"Vizuri. Na goti?" akaendelea, kana kwamba mimi ndiye niliyeuliza. "Goti halina neno. Limetulia hapa kama la mtoto. Mimi nilidhani ni lenyewe limekufa, mdogo wangu, nikawa nawaza hata hii baiskeli nitampa nani. Kumbe ulikuwa mlima." Akaanza kucheka, akashindwa kuendelea, akajaribu tena. "Ulikuwa mlima tu!"