Mwanamume Asiyekuwemo Garini

Kila asubuhi, kabla sijapata abiria wa kwanza hapa Embu mjini, simu huniamuru nijipige picha. Geuza uso kushoto, geuza kulia, sogea kwenye mwangaza. Kampuni ya teksi za kuitwa kwa simu lazima ihakikishe kwamba anayeshika usukani ni mimi, si mtu aliyeazima gari langu. Abiria huoneshwa uso wangu, jina langu na nambari ya gari. Mimi huoneshwa jina moja tu la mteja, na anayenisubiri anaweza kuwa mtu yeyote.

Na huku kwetu huwa ni mtu yeyote kweli. Nyumba ikiwa na binti mmoja mwenye simu nzuri, basi huyo ndiye huita gari kwa niaba ya ukoo mzima. Yeye yuko ofisini, mama yake anatoka Kanja na mkungu wa ndizi, gari linaitwa kwa jina la binti. Nimewabeba nyanya wa watu kwa majina ya wajukuu wao na hakuna aliyeona ubaya. Jaribu kumwambia mzee wa watu ashuke kwa kuwa si yeye aliyebonyeza simu, uone utakavyosemwa sokoni. Mimi nami nililelewa na watu wenye adabu.

Ndivyo nilivyompakia yule mwanamume. Ombi liliingia mchana kweupe, kwa jina la msichana, safari ya Kiritiri. Nikamkuta jamaa wa makamo, shati limepigwa pasi, pumzi inanuka pombe.

"Sista ndiye ameniitia, mami," akasema. "Si unaona jina lake hapo kwa simu?"

Niliona. Akaketi mbele bila kukaribishwa. Tulipouacha mji na kuanza kuteremka kuelekea Mbeere, mkono wake ukatua juu ya paja langu. Nikauondoa. Ukarudi, na safari hii ukabana. Nikamwambia akome. Akacheka, akaushika usukani kwa mkono wa pili, akaniambia niingie njia ya malori ya mchanga tukaongee vizuri.

Kuna kitufe chekundu cha dharura kwenye simu ambacho kampuni hukitangaza kama dawa ya kila ugonjwa. Nikakibonyeza. Kikaniuliza kama gari limeharibika, au kama mteja amesahau mzigo. Upuuzi mtupu! Nikaachana nacho, nikailalia honi, na sikuiachilia mpaka niliposimama mbele ya akina mama wanaouza ndengu kando ya barabara. Walikuja mbio, mmoja akiwa bado na gorogoro ya kupimia mkononi.

"Toka! Toka kwa gari ya mama ya watu!"

Walimtoa kwa kola. Mmoja wao aliingia akaketi nami mpaka nilipoweza kuliwasha gari tena, wala hakuniuliza maswali.

Jioni nilikuta akaunti yangu imefungwa. Mteja amelalamika, niliambiwa, kwamba nilikatiza safari na kumdhalilisha abiria. Nikaipigia kampuni simu, nikaeleza yote. Aliyepokea alinisikiliza kwa upole kabisa.

"Pole sana, madam. Lakini kwa system yetu, client ni lady. Hakuna mwanaume kwa hiyo trip."

Hakuna mwanamume! Alama za vidole vyake zilikuwa bado pajani mwangu. Nikamuuliza kama anadhani nilijifinya mwenyewe. Nilipaza sauti, na sijutii. Kampuni inayonikagua uso kama mwizi haikuwa na haja ya kujua ni nani aliyeketi kando yangu. Mwishowe akaniambia akaunti itafunguliwa mteja mwenyewe akikiri kwamba aliyepanda ni mtu mwingine. Gari hilo ndilo linalolisha nyumba yangu. Nambari ya msichana ilikuwa imebaki kwenye simu, maana mchana, kabla sijampakia yule mwanamume, alinipigia kuuliza nimefika wapi, kwa hiyo nikamtafuta.

Nilimsimulia kila kitu. Nilikuwa nimejiandaa kuitwa mwongo, na majibu nilikuwa nayo tele. Hakubisha hata neno moja.

"Woiye, pole, anti," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini siwezi kuwaambia hivyo. Ni brother yangu. Nyumbani watasema ni mimi nimemchoma, nimemsaliti."

"Na yale malalamiko uliyaandika wewe?"

"Alinisimamia hapa nikiandika."

Nilimhurumia kidogo, Mungu ni shahidi. Kisha nikamuuliza kwa nini, aliponipigia, hakunionya ni mtu wa aina gani ninayekwenda kumbeba.

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, kisha akanong'ona.

"Anti, hata mimi siwezi panda gari moja na yeye. Mama pia hawezi. Ndio maana huwa tunamwitia gari aende peke yake."

Nikamuuliza wamewahi kumwitia madereva wanawake wangapi kabla yangu. Akakata simu.