Mwenye Nyumba kwenye Tangi la Kinyozi

Wateja walimwita Mstari, kwa sababu hakuna aliyewahi kutoka kwenye kiti chake na mstari wa paji uliokwenda kombo. Alikuwa kinyozi wa aina ile inayokera na kupendeza kwa pamoja: unywele mmoja ukisahaulika nyuma ya sikio lako, anakurudisha kutoka mlangoni. Taulo zilikunjwa sawasawa, vitana vilipangwa kwa ukubwa, na hata mimea ya ndani ya tangi la samaki, pale ukutani mkabala na benchi la wateja, aliikata kila Jumatatu kwa mkasi mrefu, mpaka ikafanana na kichwa cha bwana harusi.

Tangi lenyewe lilikuwa la mkewe kuliko lake. Mkewe alikuwa muuguzi, na akitoka zamu alipitia saluni, akakaa mbele ya tangi lile bila kusema neno mpaka uchovu umtoke. Samaki wengi walikuwa wadogo, wa kutembea kwa makundi, wasio na habari na mtu. Lakini Mstari, kwa kupenda kwake vitu vya kung'aa, alinunua samaki mmoja mpana mwenye milia, na huyo hakuchelewa kujitwalia jiwe la katikati. Kila aliyelisogelea alitimuliwa. Wateja wakampa jina la Mwenye Nyumba. Aliyeonewa kuliko wote ni samaki mdogo mwenye mkia wa buluu, ambaye muuguzi alimchagua mwenyewe dukani. Huyo wakamwita Mpangaji, na mkia wake ulikuwa umekwisha kuchanikachanika.

Siku moja muuguzi aliinuka kabla hata benchi halijapata joto.

"Baba watoto, mimi nashinda na watu wanaoumia," alisema. "Siwezi kuja kupumzika hapa halafu nimtazame huyu naye akiliwa polepole. Akifa, mimi sipiti tena."

Mstari alidhani ni utani, kisha akamtazama usoni na kuona hatanii. Roho ikawa juu. Saa hiyo ya jioni, yeye akifagia nywele na mkewe akiwa amekaa kimya kwenye benchi, ndiyo nafasi pekee waliyobaki nayo ya kuwa wawili tu. Nyumbani kulikuwa na watoto, vyombo na usingizi.

Kwanza alifanya ambalo yeyote angelifanya: akamtoa mkorofi, akamtia kwenye ndoo. Kabla hajamaliza kichwa cha mteja aliyefuata, samaki mmoja wa kahawia, mpole ambaye hakuwahi kumkosea mtu, alipanda kwenye jiwe lile lile na kuanza kumkimbiza Mpangaji. Dereva mstaafu, aliyezoea kuja asubuhi kunyolewa ndevu na kuondoka mchana, alicheka mpaka povu la sabuni likamwingia mdomoni. Mstari hakucheka. Alisimama na wembe mkononi akijiuliza jiwe lile lina nini hata kila anayelipanda abadilike tabia.

Akamrudisha wa milia, akajaribu kioo cha mkononi, kile cha kumwonyesha mteja kisogo chake. Alikiegemeza nje ya tangi. Mwenye Nyumba alijiona, akatunisha mapezi, akashikana na sura yake mwenyewe, na Mpangaji akapata kula bila bughudha. Mstari akajiona mjanja. Lakini kioo kilipoondolewa, mkorofi alibaki na hasira zisizo na mtu, akazimalizia pale pale kwa mnyonge wake.

Kufikia hapo udadisi ulikuwa umemshika kuliko hofu. Alinyoa huku jicho moja liko kwenye tangi, jambo ambalo wateja hawakulipenda. Ndipo alipoona kwamba Mpangaji alikuwa na mahali pamoja tu pa kutulia: nyuma ya bomba la kichujio, ambako mkasi haukufika na majani yalikuwa yamesongamana ovyo. Mwenye Nyumba alipita karibu naye kabisa, wala hakugeuka.

Mstari alimwacha dereva na ndevu za upande mmoja. Akapiga magoti, akainama kwenye ubavu wa tangi mpaka shavu likagusa kioo na jicho likawa sawa na jiwe. Kutoka pale aliona kila kitu mpaka kona ya mwisho, kila samaki na kila kokoto. Hapakuwa na jani la kumziba macho.

"Kumbe ni mimi," alisema.

"Wewe umefanya nini tena?" dereva akauliza.

"Nimemfagilia uwanja mwenye jiwe. Akikaa hapa anamwona kila mmoja."

Akauweka mkasi kabatini. Akapanda majani marefu kulizunguka jiwe, akayaacha yaote yatakavyo. Wateja wakapata la kusema: eti kinyozi gani huyu, tangi lake lina kichaka. Mikono ilimwasha. Jumatatu moja alifungua kabati, akaushika mkasi, akasimama nao kidogo, akapiga moyo konde na kuurudisha. Kwenye tangi, fukuza-fukuza ilianza na kukatika njiani. Mwenye Nyumba alimpoteza mtu wake kwenye majani, akazubaa, akarudi jiweni.

Haya yote muuguzi hakuyaona, maana alikuwa amehamishiwa zamu za usiku. Jioni aliyorejea saluni alikuta tangi limekuwa msitu. Alitafuta mkia wa buluu juu, chini, pembeni. Mabega yakamshuka.

"Amekufa, na hukuniambia."

"Hajafa. Leo asubuhi amekula vizuri."

"Mbona simwoni?"

"Hata Mwenye Nyumba hamwoni."

Muuguzi aliyatazama yale majani upya. Kisha akasogea kwenye benchi, akamwachia mumewe nafasi. Nywele za kutwa nzima zilikuwa bado zimetapakaa sakafuni. Mstari akaziruka, akaketi, wakaanza kutafuta pamoja.