Niliiona Picha, Nikasema Bado

Mzee aliyenifundisha kutega madishi alikuwa Mmeru wa mlimani, mwimba besi wa kanisa la Kilutheri, na nilimchukia miaka minne bila yeye kujua. Karakana yake ilikuwa Ngarenaro. Zilikuwa zama za ruksa, milango ya biashara imefunguliwa: wenye nacho walileta madishi kutoka Dubai kabla Tanzania Bara haijawa na hata kituo kimoja cha televisheni, na mafundi wa kuyatega Arusha tulikuwa wachache mno.

Kazi ilitaka watu wawili. Mmoja anapanda ngazi, analegeza nati na kulisukuma dishi kwa mkono, taratibu, huku akipiga mstari wa chaki kwenye nguzo kila anaposimama. Mwingine anakaa sebuleni mbele ya televisheni, anapaza sauti dirishani: bado, bado, simama! Watu hudhani dishi kubwa huona pote. Ni kinyume chake. Kadiri lilivyo kubwa ndivyo linavyovuta kwa nguvu, na ndivyo linavyotazama sehemu ndogo zaidi ya anga. Ukilisogeza upana wa ukucha tu, picha imekwenda zake, zimebaki chenga nyeupe kwenye kioo. Aliye juu haoni kitu. Anamtegemea wa ndani.

Miaka yote minne wa ndani nilikuwa mimi. "Kijana, wewe kaa na televisheni," aliniambia kila siku, kisha makofi anapigiwa yeye.

Ndipo akaja Mchaga mmoja mwenye maduka mawili mjini. Alikuwa anafungua la tatu, la madishi yanayogeuzwa kwa mota, na alitaka fundi mmoja wa kudumu. Alituita kwake Elerai. Mota isingefaa kitu mpaka setilaiti ya kwanza ipatikane kwa mkono, kwa hiyo akasema mbele yangu, "Mzee, ukiipata leo, kazi ni yako." Mzee alipanda ngazi akiimba.

Bosi akakaa kwenye kiti uani. Mimi nikaingia sebuleni.

Kwenye mstari wa nne picha ikaja. Mtu mwenye tai alikuwa anasoma habari kwa Kifaransa, safi kiasi cha kuona vifungo vya koti lake.

"Vipi hapo?" mzee akauliza.

"Bado, mzee. Chenga tupu."

Akasukuma. Picha ikafa. Akaenda hadi mwisho, akarudi, na yule wa tai akaja tena palepale. Nikasema bado. Akarudia mara ya tatu, nikasema bado. Jua lilikuwa kali, na kupitia dirisha nilimwona akijifuta jasho kwa kiwiko. Nilisikia raha, sifichi.

"Mzee, unatafuta setilaiti au unaota jua?" bosi akamcheka. Mwishowe akamwamuru ashuke, anipishe.

Mzee akaenda bombani kunawa uso, bosi akaingia sebuleni, mimi nikapanda. Nikalirudisha dishi kwenye mstari wa nne. Bosi akapiga ukelele wa furaha. Nikakaza nati, nikafuta chaki yote kwa kofia.

"Uliikuta wapi?" mzee aliniuliza tulipokuwa tunarudi.

"Mbali, mzee. Mbali kabisa na ulikokuwa unahangaika."

Akaitikia kwa kichwa. Haikumjia hata kidogo kwamba ningeweza kumdanganya. Wiki chache baadaye alifunga karakana, akawaambia watu kwamba mikono imezeeka. Sentensi moja tu kutoka kwangu ingemrudishia mikono yake. Nilikuwa nayo mdomoni kila tulipokutana, na sikuitoa.

Mwaka uliofuata nilipanda mlimani kumsalimia, nimevaa shati la duka la bosi. Nikamwamkia shikamoo. Mkewe akaleta chai. Mzee akawaita wajukuu wake kutoka kwenye migomba, akanishika bega.

"Mtazameni fundi huyu," akawaambia. "Babu yenu miaka yote ile alikuwa anabahatisha tu."

Watoto wakacheka. Nikacheka nao, nikanyoosha kikombe niongezewe chai.