Karani Aliyengoja Visa ya Keren

Karani wa kituo chetu cha tiba ya usemi hapa Laeken, ughaibuni, hatembei, ananyata. Kuta ni nyembamba, na upande wa pili wagonjwa wanajifunza kusema upya, ndiyo maana kidole chake hakibanduki mdomoni, akininyamazisha: “Chut, papa! Kule batu banatafuta maneno.” Kwa miezi saba amehangaikia visa ya kazi ya Keren, logopède wa Lubumbashi, atakayewatibu usemi kwa Kiswahili watu kama mama yangu, ambaye hajatamka neno tangu apatwe na kiharusi. Kila karatasi anaipuliza vumbi lisilokuwapo, anaigonga mezani mara mbili ikae sawa, kisha anaipiga mhuri polepole, kama anayemlaza mtoto.

Leo asubuhi alisoma barua pepe, akavua miwani, akaivaa, akaisoma tena. Halafu karani huyo huyo akasimama katikati ya korido akapiga vigelegele virefu mpaka milango ikafunguka. “Visa imetoka! Keren anakuya!” Akashtuka, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Lakini katika chumba cha mwisho vigelegele vingine vilikuwa vimeshaanza kumjibu, vikikwaruza, vikipanda. Nilikimbia. Ilikuwa sauti ya mama.